Lesoni ya 7: Hofu ya Usiku

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Juma Hili: Ayubu 4:12–17, Ayubu 7:13–15, Ayubu 42:7, Isaya 34:14, Mhubiri 9:5, 6, 1 Wafalme 19:4–8, Kumbukumbu 19:15, Matendo 19:11–20, Marko 6:45–51.

Fungu la Kukariri: Zaburi 4:8. Lisome katika Biblia yako kila usiku wa juma hili kabla ya kuzima taa, mpaka uweze kulisema bila kutazama.

Mtu amelala chali. Ghafla macho yanafunguka, anaona paa, anaona dirisha, anasikia jogoo wa jirani, lakini mkono hauinuki. Anataka kumwita mwenzake, na sauti haitoki. Kifua kimekuwa kizito kana kwamba mtu amekikalia. Pembeni ya kitanda anahisi yupo fulani, pengine anamwona kama kivuli. Baada ya muda mfupi mwili unaachiliwa, naye anaketi akitweta, jasho likimtiririka.

Waswahili huita jambo hili jinamizi. Wengine husema, “Nimekabwa.” Wengine husema wazi kwamba wamekaliwa na mchawi, au wametembelewa na jini, au marehemu fulani amekuja kudai haki yake. Asubuhi ikifika, mshiriki huyu huja kanisani na swali ambalo mara nyingi huona aibu kuliuliza mbele ya watu: “Je, mimi ninayeomba kila siku, mbona nimeingiliwa? Je, Bwana ameniacha?”

Swali hilo si dogo. Wapo waliolijibu kwa kwenda kwa mganga usiku. Wapo waliomjibu aliyeuliza kwa kumwambia kwamba lazima ana dhambi aliyoificha. Na wapo walioondoka na jina la jirani midomoni, wakamharibia maisha. Juma hili tutajifunza watu wamesema nini juu ya jinamizi, mwili wetu hufanya nini tunapolala, na Neno la Mungu linatupa msimamo gani kati ya kudharau uwezo wa Shetani na kumwogopa kupita kiasi.

JUMAPILI: Majina Mengi, Mzigo Mmoja

Soma Isaya 34:14. Fungu hili linaeleza nini kuhusu nchi ya Edomu baada ya hukumu?

Hofu hii haikuanzia Afrika wala haiishii kwetu. Warumi wa kale waliliita jambo hili kwa neno la Kilatini incubus, maana yake yule anayelala juu ya mtu. Neno la Kiingereza linalotafsiriwa jinamizi lina ndani yake jina la kiumbe cha usiku ambacho watu wa Ulaya ya kaskazini waliamini kuwa huja kukalia vifua vya wanaolala. Mwaka 1781 mchoraji Henry Fuseli alichora picha iliyopata sifa kubwa: mwanamke amelala chali, na juu ya kifua chake ameketi kiumbe kibaya cha kutisha. Huko Newfoundland, Kanada, watu walisimulia juu ya bibi kizee anayekuja kuwakalia. Wajapani huliita kanashibari, yaani kufungwa kwa chuma.

Isaya naye, akieleza ukiwa wa Edomu, ametaja viumbe vya nyikani, na katikati yake limo neno la Kiebrania lilith. Watafsiri wa Biblia hawakulifasiri kwa njia moja. Wengine wameandika ndege wa usiku, wengine kiumbe au jini la usiku. Watu wa Mesopotamia walikuwa na hadithi za pepo wa kike wa usiku mwenye jina linalofanana na hilo, na karne nyingi baadaye zikaongezwa hadithi nyingine kuhusu Lilith, hata watu wakavaa hirizi na kuwavalisha watoto wachanga ili asiwadhuru.

Lakini tuangalie vizuri Isaya anachofanya na neno hilo. Anaonyesha tu kwamba nchi iliyojiinua juu ya Mungu imekuwa magofu, makao ya viumbe vya porini. Katika fungu hilo hakuna hirizi, hakuna tambiko, wala hakuna onyo kwa wazazi wa watoto wachanga. Mambo hayo yote yaliongezwa na wanadamu.

Kwa nini watu wa mataifa yaliyo mbali hivyo, wasiojuana, wanasimulia mzigo uleule kifuani? Aliyelelewa akisikia habari za bibi kizee humwona bibi kizee. Aliyelelewa akisikia habari za majini huliona jini. Mzigo ni mmoja, ila kila jamii huuvika sura inayoifahamu. Je, wewe ulifundishwa kuuvika sura gani?

JUMATATU: Akili Imeamka, Mwili Umelala

Soma 1 Wafalme 19:4–8 na Zaburi 103:14. Malaika alimfanyia Eliya nini kabla ya mambo mengine yote?

Mungu aliyetuumba aliweka katika usingizi mpango wa ajabu. Usiku mmoja si usingizi wa namna moja. Kwa mizunguko ya takriban dakika 90, ubongo hupita kutoka usingizi mwepesi hadi mzito, kisha huingia katika kipindi ambacho macho hucheza chini ya kope na ndoto huwa wazi kuliko wakati mwingine wowote. Katika kipindi hicho ubongo huzuia misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili isitende kazi. Huo ni ulinzi. Bila huo, mtu anayeota anakimbia simba angeruka kitandani na kujigonga ukutani. Macho huendelea kucheza, na msuli mkuu wa kupumulia huendelea na kazi yake.

Mara nyingine akili huamka kabla kizuizi hicho hakijaondolewa. Mtu anaona chumba chake halisi, huku mwili ungali umelala na vipande vya ndoto vingali vinaendelea. Akijaribu kuvuta pumzi kwa nguvu hawezi, kwa kuwa misuli ya kifua bado imelegea, hivyo huhisi amekandamizwa. Ubongo nao, ukiwa katika hali ya hatari, humtafuta adui chumbani. Hali hii hudumu kwa sekunde chache au dakika chache, kisha huisha yenyewe. Watafiti waliokusanya tafiti kutoka nchi nyingi waliona kwamba takriban watu 8 katika kila 100 wamewahi kuipata angalau mara moja maishani, na kwa wanafunzi idadi ni kubwa zaidi.

Huwapata zaidi watu wasiolala vya kutosha, wenye zamu za usiku, wenye msongo wa mawazo au waliopitia jambo la kutisha, na mara nyingi wakiwa wamelala chali. Fikiria binti wa kidato cha nne anayesoma hadi saa nane usiku juma zima kabla ya mtihani. Fikiria mlinzi anayelala mchana kwa vipindi. Fikiria mama aliyefiwa, ambaye hajapata usingizi wa kweli tangu mazishi. Hawa hawajafungua mlango kwa pepo. Wamechoka.

Eliya alipoomba afe, Mungu hakuanza kwa kumkemea, wala hakumwambia kwamba ana pepo wa mauti. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye. Mungu anakumbuka kwamba sisi tu mavumbi. Je, katika kanisa lako mtu aliyechoka hupewa mkate kwanza, au hupewa hukumu kwanza?

JUMANNE: Sauti Aliyoisikia Elifazi

Soma Ayubu 4:12–17, kisha Ayubu 42:7. Elifazi alipata nini usiku ule, na Mungu alisema nini mwishoni juu ya maneno yake?

Ni vigumu kupata mahali pengine katika Maandiko panapoeleza hofu ya usiku kwa undani kama hapa. Watu wamo katika usingizi mzito. Elifazi anashikwa na hofu, mifupa inatetemeka. Roho inapita mbele ya uso wake, nywele za mwili zinasimama. Umbo limesimama, hawezi kulitambua. Kuna kimya, kisha sauti.

Biblia haisemi sauti hiyo ilikuwa ya nani. Lakini inatuonyesha Elifazi aliitumiaje. Alikuja nayo kwa mtu aliyefiwa na watoto kumi, aliyejaa majipu, akaifanya ushahidi kwamba mateso ya Ayubu yametokana na kosa lake. Maneno ya sauti ile yalisikika ya kiroho kabisa, yakimtukuza Mungu na kumshusha mwanadamu. Hata hivyo, mwishoni mwa kitabu Bwana anatamka kwamba Elifazi na wenzake hawakunena yaliyo sawa juu yake. Kutisha kwa maono hakukuyafanya kuwa kweli.

Sasa soma Ayubu 7:13–15. Ayubu naye alitishwa na ndoto. Aliposema kitanda kitamfariji, ndoto zilimfuata huko huko, hata akaona afadhali kufa. Tena alidhani ni Mungu anayemtisha. Sisi tuliosoma sura mbili za kwanza tunajua Mungu alikuwa amemshuhudia kuwa mtu mkamilifu, na kwamba mshitaki alikuwa mwingine. Basi mtu mwadilifu anaweza kuota vibaya. Ndoto mbaya si cheti cha dhambi.

Kanuni hii inatusaidia pia pale ambapo anayeonekana usiku ana sura ya mzazi aliyekufa. Mhubiri 9:5, 6 inasema wafu hawajui neno lolote, wala hawana sehemu tena katika mambo yanayofanyika chini ya jua. Baba yako amelala akingoja ufufuo. Hana deni la mbuzi analokuja kulidai, wala hana kaburi analolalamikia. Sura yake inaweza kuja katika ndoto kwa sababu unampenda na unamkosa, na hilo si kosa. Lakini sauti yoyote inayojiita baba yako na kukuagiza tambiko, ipime kwa Isaya 8:19, 20, hata kama ina lafudhi yake na kikohozi chake.

Je, kuna uamuzi wowote uliowahi kuufanya kwa sababu ya ndoto peke yake? Je, ulipimwa kwa Neno?

JUMATANO: Hofu Inapotafuta wa Kulaumiwa

Soma Kutoka 20:16 na Kumbukumbu 19:15. Sheria ya Mungu inamlindaje mtu asishitakiwe kwa jambo lisiloshuhudiwa?

Katika visiwa vya Unguja na Pemba wengi wanakumbuka habari za Popobawa, kiumbe kilichosimuliwa kuwa hushuka usiku kama popo mwenye mabawa na kuwakandamiza watu vitandani mwao, hata kuwatendea aibu. Masimulizi yake yanarudishwa nyuma hadi Pemba mnamo 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi. Hofu kubwa zaidi ilitokea 1995, ilipoanzia Pemba na kuenea Unguja, katika mwaka uleule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Familia ziliacha vyumba, zikalala nje pamoja kuzunguka moto. Ilisemekana pia kwamba aliyetembelewa asipowasimulia wengine, kiumbe hicho kitamrudia. Kwa hiyo kila usiku ulizaa masimulizi, na kila simulizi likazaa usiku mwingine wa watu kukosa usingizi. Tulijifunza Jumatatu kukosa usingizi huleta nini.

Kiumbe hicho hakikukamatwa hata mara moja. Aliyekamatwa alikuwa mwanadamu. Mjini Zanzibar, mwaka ule wa 1995, mtu mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye Popobawa.

Bara nako tuna kovu letu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kama Shinyanga na Mwanza, akina bibi wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na moja ya alama walizohukumiwa nazo ni macho mekundu. Macho hayo yaliwaiva kwa miaka mingi ya kupikia kuni na samadi ya ng'ombe katika jiko lenye moshi. Walipikia watoto na wajukuu wao chakula, na alama ya kazi hiyo ikageuzwa kuwa hati ya kifo.

Mara nyingi safari ya damu ilianza kwa maneno mepesi tu: “Usiku nimekabwa, na sura niliyoiona ni ya fulani.” Mtu aliyelala hawezi kuwa shahidi. Sheria ya Mose haikukubali hata shahidi mmoja aliye macho kuwa anatosha. Je, tutamkubali aliyekuwa amelala, na gizani? Amri ya tisa haiachi kutumika saa nane za usiku.

Kwa hiyo mshiriki akikuletea jina la mtu aliyemwona katika jinamizi, usilibebe jina hilo. Usilipeleke kwenye kikundi cha maombi wala usilitume kwa simu. Mwombee aliyetishika, na jina liache lifie hapo. Je, yupo bibi mtaani kwako ambaye watoto hukatazwa kupita mlangoni pake? Ni nani kutoka kanisani aliyemtembelea mwezi huu?

ALHAMISI: Yesu Katika Zamu ya Nne

Soma Matendo 19:11–20. Kwa nini jina la Yesu halikuwasaidia wana wa Skewa?

Baada ya kueleza kazi ya ubongo, mtu anaweza kudhani kwamba tunakana kuwapo kwa roho wachafu. Hapana. Ufunuo 12:7–9 inatuambia Shetani na malaika zake walitupwa chini, na Waefeso 6:12 inatuambia kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Adui ni halisi, naye hupenda kumwendea mtu aliyechoka na aliyeogopa. Hata jambo la mwili tu anaweza kulitumia kumwambia mtu, “Mungu wako ameshindwa, tafuta kinga nyingine.” Mtego wake mkubwa hauko katika dakika mbili za kukabwa. Uko asubuhi, katika uamuzi wa utakwenda kwa nani.

Wana wa Skewa walilitumia jina la Yesu kama dawa ya mganga, bila kumjua mwenye jina. Waliaibishwa. Lakini waumini wa Efeso walioyaona hayo walileta vitabu vyao vya uganga, wakavichoma mbele ya watu wote. Thamani yake ilikuwa vipande elfu hamsini vya fedha. Hawakuvificha chini ya godoro kwa ajili ya siku mbaya. Basi tusiigeuze Biblia kuwa hirizi mpya kwa kuiweka chini ya mto bila kuisoma, wala tusiyageuze mafuta na maji kuwa biashara ya kuwauzia walioogopa. Wakolosai 2:15 inatuambia enzi na mamlaka zimekwisha kuvuliwa silaha msalabani. Anayemwamini Kristo hanunui kinga, amekwisha kununuliwa.

Soma Marko 6:45–51. Ilikuwa zamu ya nne ya usiku, yaani kati ya saa tisa na alfajiri. Wanafunzi walikuwa wamechoka kwa kuvuta makasia. Walipomwona mtu anatembea juu ya maji, walipiga kelele wakidhani ni kivuli cha kutisha. Yesu hakuwacheka, wala hakuanza kwa kuwauliza imani yao imekwenda wapi. Mara moja alisema nao, akawaambia ni nani, akawatuliza, kisha akapanda chomboni pamoja nao. Tena Marko anatuambia kwamba tangu mwanzo aliwaona wakitaabika.

Basi ukikabwa usiku, kumbuka mambo haya. Usipigane na mwili wako, maana hofu huongeza uzito. Jaribu kutikisa kidole kimoja cha mkono au cha mguu, na upumue polepole. Ulimi hata usipoweza kutamka, moyo unaweza kuomba, na Bwana husikia ombi lisilo na sauti kama alivyomsikia Hana. Ukishaachiliwa, keti kidogo, soma fungu la kukariri, kisha lala kwa ubavu. Siku zinazofuata, lala na kuamka kwa saa zilezile, acha chai na kahawa za usiku, acha filamu za kutisha kabla ya kulala. Hali ikijirudia sana, au kama mtu hulemewa na usingizi mchana, au ana huzuni isiyokwisha, aende hospitali aonane na daktari. Kwenda huko si upungufu wa imani.

Je, ukiwa umeamka katika giza, jina la kwanza linalokujia moyoni ni la nani: la unayemshuku au la anayekulinda?

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Zaburi 3, Zaburi 91 na Mithali 3:21–26. Soma pia katika kitabu cha Ellen G. White, Pambano Kuu, sura ya 31 inayohusu kazi ya roho waovu, na sura ya 34 inayohusu mafundisho ya kuongea na wafu.

Daudi aliiandika Zaburi ya 3 alipokuwa anamkimbia Absalomu mwanawe. Adui zake hawakuwa vivuli. Walikuwa wanajeshi, na aliyewaongoza ni mtoto wake wa kumzaa. Hata hivyo anasema alijilaza, akalala usingizi, akaamka kwa kuwa Bwana alimtegemeza. Hatari haikuondolewa kwanza ndipo akalala. Alilala hatari ikiwapo, kwa sababu Mlinzi naye alikuwapo. Hiyo ndiyo amani anayopewa mshiriki ambaye bado hajui kama usiku wa leo atakabwa tena.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki anasimama katika darasa lenu na kusema amekabwa na jinamizi mara tatu juma hili. Darasa litamjibu nini ambacho Elifazi hakukisema?

2. Tunawezaje kuwafundisha watoto kwamba Shetani yupo, bila kuwalea katika hofu ya giza? Ni hadithi zipi tunazowasimulia wakati wa kulala ambazo inafaa tuziache?

3. Jadilini tofauti kati ya kuomba katika jina la Yesu na kulitumia jina la Yesu kama kinga ya kichawi. Je, kuna desturi katika eneo lenu zilizovuka mpaka huo?

4. Mnafahamu mtu katika jamii yenu anayeishi chini ya tuhuma za uchawi? Panga na wenzako, kabla ya Sabato ijayo, namna ya kumtembelea mchana kweupe, ili majirani waone watu wa Mungu wakiingia mlangoni pake.